Tshibumba: Mchoraji Aliyeeleza Picha Zake kwa Kiswahili



Mhadhara huu unamhusu Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, huko Katanga, nchini Kongo. Nimemchagua kwa sababu moja. Wachoraji wengi wa Kiafrika wa rika lake tunawajua kwa macho tu. Picha zao ziko makumbushoni na madukani, na maana yake ama tunaibahatisha wenyewe, ama tunaipokea kutoka kwa walionunua. Tshibumba alieleza kazi yake kwa mdomo wake, picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake yakanaswa kwenye kanda.

Picha hizo zilitoka katika biashara ndogo ya mitaani. Katika miaka ya 1970, wafanyakazi wa migodi ya shaba na wa reli, makarani na walimu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walipenda kutundika picha sebuleni. Wachoraji walichukua vitambaa vya magunia ya unga, wakaviwamba kwenye fremu, wakavipaka rangi ya chini, kisha wakachora na kuzitembeza picha nyumba kwa nyumba. Mteja alijua anachotaka. Wengi walimtaka mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito. Wengine walitaka picha ya koloni, na hiyo ndiyo ninayotaka tuikazie macho.

Ni ua wa gereza, na bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi, kaptura imeshushwa, wenzake wamevaa sare za mistari. Askari mweusi ameinua kiboko. Ofisa Mzungu amesimama kando, anatazama. Katika nyingi ya picha hizi wapo pia wanawake waliowaletea chakula waume zao. Juu au chini yameandikwa maneno ya Kifaransa: Colonie belge, 1885–1959, yaani koloni la Ubelgiji.

Itazameni miaka hiyo. Mwanafunzi wa historia atainua mkono mara moja, na ana haki. Mwaka 1885 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, na Ubelgiji iliichukua mwaka 1908. Uhuru nao ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Kwa kipimo cha kitabu cha darasani, mchoraji amekosea mwanzo na mwisho. Lakini jiwekeni mahali pa yule aliyelala chini. Mwaka 1908 ulipofika, nini kilibadilika mgongoni mwake? Mkono ulioshika kiboko uliendelea kukishika. Na mwaka 1959 ndio uliofunguliwa na ghasia za Januari mjini Léopoldville, leo Kinshasa, ambapo watu walionyesha hadharani kwamba hofu imewatoka. Kwa maoni yangu miaka hiyo miwili ni hoja kamili ya kihistoria, na imeandikwa kwa herufi za brashi kwenye kitambaa cha gunia.

Tshibumba alichora picha ya namna hii mara nyingi, maana alikuwa na tumbo la kulisha. Lakini hakuridhika. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu huko Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alipokutana na Tshibumba na kununua picha zake, Tshibumba alimwambia kwamba anaweza kuchora historia yote ya nchi. Alijitambulisha kuwa ni mchoraji na pia mwanahistoria. Zilifuata picha zaidi ya mia moja, akizileta kwa mafungu, akikaa mbele ya kinasa sauti na kueleza kila moja: huyu ni nani, pale ni wapi, kwa nini rangi hii. Zinaanza kwa mababu na falme za kale, zinapita kwa Wareno, kwa Leopold, kwa Msiri wa Bunkeya aliyetoka Unyamwezi na kuuawa na kikosi cha Wazungu mwezi Desemba 1891, na zinamalizikia katika ndoto na mambo yajayo.

Baadhi ya picha hizo tungezielewa hata kama tungekutana nazo Morogoro au Mombasa. Ipo ya simba Bulaya, simba wa Ulaya, watu waliosemekana kukamata Waafrika usiku. Sisi tuliokua na habari za mumiani hatuhitaji mfasiri hapo. Ipo pia ya mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière mjini Élisabethville, mwezi Desemba 1941, pale askari walipowafyatulia risasi wagomaji katika uwanja wa mpira. Mchoraji hakuwa amezaliwa. Mambo ya namna hiyo yalihifadhiwa na wazee majumbani, na kutoka huko yakafika kwenye kitambaa.

Picha inayonigusa kuliko zote ni ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na mji uleule aliozaliwa Tshibumba. Wakati huo Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu au minne. Katika picha yake watatu hao wamelala chini, wamekufa. Nyuma yao, kwa mbali, imesimama misalaba mitatu. Kwenye ubavu wa Lumumba damu inatiririka, na damu hiyo inapoenea ardhini inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Juu kuna nyota sita.

Tungeachiwa picha peke yake, tungeona misalaba na kuishia hapo. Maelezo ya mchoraji yanatupeleka mbali zaidi. Kwake yeye Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, aliyekufa kwa ajili ya umoja wa nchi, na nyota ni za umoja huo. Bendera iliyopandishwa siku ya uhuru ilikuwa na nyota sita ndogo kwa majimbo sita. Kumbukeni sasa kwamba picha hii imechorwa Katanga, jimbo lililojitenga siku kumi na moja tu baada ya uhuru, na kwamba Lumumba aliuawa katika ardhi ya hao waliojitenga. Mtoto wa mji huo anapoiandika damu ya Lumumba kuwa umoja, anatoa hukumu juu ya nyumbani kwake mwenyewe.

Aliyasema hayo chini ya utawala wa Rais Mobutu, ambao ulikuwa umemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Kumsifu Lumumba kuliruhusiwa. Kuuliza sana ni nani aliyempeleka kuuawa ilikuwa habari nyingine. Kwa hiyo namsoma Tshibumba kwa uangalifu. Sisemi kila tarehe yake ni sahihi, na anayetaka tarehe aende kwenye nyaraka. Anayetaka kujua watu wa Katanga waliibebaje historia yao hana budi kumsikiliza.

Mazungumzo ya Tshibumba na Fabian mbele ya kinasa sauti ndiyo yaliyozaa kitabu cha Fabian kilichotoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nawageukia wanafunzi. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za dari kwa miaka michache tu, kisha akauawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Yeye hatuwezi tena kumuuliza chui wake wanatoka wapi. Waliofuata nyayo zake wangali wanachora Oysterbay, jijini humo, na simu iliyomo mfukoni mwako inanasa sauti. Nendeni. Kaeni na mchoraji mbele ya picha yake, mwacheni aieleze kwa Kiswahili chake bila kumsahihisha, andikeni jina lake na tarehe, na mpeni nakala. Idara zetu nazo zizipokee sauti hizo zilizonaswa na kuzihifadhi kama zinavyohifadhi vitabu.