Dawa za TB ni bure, ugonjwa wenyewe si bure

Ndugu msikilizaji, wanaojua Kifipa wanasema jina la mji wa Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Ni agizo zuri, na leo naomba tulitumie kwa kikohozi. Maana huko Ufipa, kama huku kwetu mjini, wapo watu ambao ndugu yao akikohoa miezi miwili, akikonda na kutoka jasho usiku, kwanza wanamtafuta aliyemroga. Hospitali inakuja mwisho, mgonjwa akiwa tayari anatema damu.

Kumbe mchawi huyo alikwisha kutajwa tangu mwaka 1882, pale daktari Mjerumani, Robert Koch, alipotangaza kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Kijidudu hicho husafiri kwa hewa. Hakiambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala kupeana mikono. Sasa, uwanda wa Ufipa una baridi kali. Watu hufunga madirisha na kuketi pamoja kuota moto. Mgonjwa asiyetibiwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu naye kwa mwaka.

Nchi yetu haikulala. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa Dk. Karel Styblo ikawa mfano kwa dunia: pima makohozi kwa hadubini, toa dawa, msimamie mgonjwa mpaka apone. Dawa hizo hazilipiwi.

Lakini, msikilizaji, dawa ni bure, ugonjwa si bure. Mkulima wa Muze, kule Bonde la Ziwa Rukwa, akitakiwa kufika Sumbawanga mjini kwa uchunguzi, itambidi apande milima ya Lyamba lya Mfipa. Nauli ataipata wapi, kama si kwa kuuza mahindi ya chakula? Akirudi, shamba linamngoja na nguvu hana. Akiugua mama, mpishi na mchota maji wa nyumba ndiye huyo huyo. Nani atampikia yeye? Ndipo wengine, wakipata nafuu kidogo, huacha dawa kabla ya miezi 6 kwisha, na kijidudu kilichobaki huweza kuwa sugu.

Tangu mwaka 2006 ulianzishwa utaratibu wa mgonjwa kuchagua kumezea dawa nyumbani, mbele ya msimamizi ambaye ni ndugu au jirani. Ni utaratibu wa busara. Ila mimi nasema kazi ya msimamizi isiwe kuhesabu vidonge tu. Amletee mgonjwa uji, amsaidie palizi, amsikilize anapolalamika kichefuchefu na kumwambia mganga wa zahanati. Mhudumu naye ampokee kwa kauli njema, maana aliyefokewa leo kesho harudi. Mwenye nyumba asimfukuze mpangaji, wala mwajiri asimwachishe kazi mtu ambaye, baada ya wiki chache za dawa zinazofaa, kwa kawaida hamwambukizi tena mwenzake.

Basi, ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Akikohoa jirani, msindikize. Miezi 6 hupita upesi ukiwa na wenzio. Ni mirefu mno kwa aliyetengewa kikombe chake.