Jukwaa la Siasa Lisihamie Madhabahuni

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwenye semina ya kamati za sharika, Lagangabilili)



Tumeombwa tuseme juu ya kampeni za kukashifiana na za udini. Huenda mtu akauliza, watu wa visima na mbuzi wa maziwa wanaingiaje humo? Tunaingia kwa sababu kamati ya kisima ina Mlutheri, Msabato, Mwislamu na mzee anayetambikia mababu zake, na wote wanachota maji mahali pamoja.

Tuanze na jirani zetu wa Igunga. Mwaka 2011 kulikuwa na uchaguzi mdogo huko, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge. Katikati ya kampeni, wafuasi wa CHADEMA walilaumiwa kwamba walimdhalilisha mkuu wa wilaya, mama wa Kiislamu, kwa kumvua hijabu. Hilo lilikuwa jambo la polisi na mahakama. Lakini likapandishwa jukwaani, likawa la Uislamu na Ukristo. Dkt. Dalaly Kafumu wa CCM alishinda. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikatengua ushindi huo, na miongoni mwa hoja za kesi lilikuwa tangazo la msikitini la kuwataka waumini wasiichague CHADEMA. Baadaye Mahakama ya Rufani ilimrejeshea kiti chake.

Tusiwanyoshee wenzetu kidole. Mwaka 2015 Edward Lowassa, Mlutheri mwenzetu, aliripotiwa akiwaomba waumini kanisani Tabora wamwombee, kwa kuwa nchi ilikuwa haijapata rais Mlutheri. Wako miongoni mwetu waliofurahi. Kwetu sisi yale yalikuwa maneno ya kampeni, na kanisani hapakuwa mahali pake. Na miaka mitano kabla, Dkt. Slaa alipogombea, upadri wake wa zamani ulisemwa kuliko sera zake. Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza kusajili chama cha dini. Haiwezi kumzuia mgombea kuazima kipaza sauti cha kanisa. Hilo ni la kwetu.

Nasi tumekosa. Msimu mmoja wa kampeni, mgombea udiwani alileta mabati kwenye harambee ya usharika wetu mmoja. Tulimpa dakika tano za salamu. Alitumia ishirini, akasema mpinzani wake ni mchawi na watu wa dini yake hawafai kukabidhiwa fedha za umma. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Katibu wa kamati ya kisima, Mwislamu, alikuwa amekaa pale nyuma, maana sisi ndio tuliomwalika. Jumatatu alirudisha daftari la michango na ufunguo wa pampu. Kaya kadhaa ziliacha kuchangia matengenezo, na pampu ilipoharibika ilikaa hivyo muda mrefu. Mabati tuliyaezeka.

Basi tumekubaliana hivi: mchango wa mgombea upokelewe ofisini, siku ya kazi, kwa stakabadhi, bila hotuba. Tunajua sharika nyingine zitapoteza saruji kwa uamuzi huu, na wafadhili watuvumilie majengo yakichelewa.

Yule katibu hajarudi. Tumemwandikia barua mbili. Jumamosi hii wazee watatu watamfuata nyumbani kwake, na mchungaji amesema atakwenda nao.