Ukame Ulikukuta na Miaka Mingapi?



Nyanya yangu, au hawe kama tusemavyo nyumbani, alikuwa akiniita mume wake. Nikirudi kutoka shule na vumbi la Ganze, huku Kilifi, hadi magotini, angewaambia majirani, "Mume wangu huyo anakuja, na mimi sijampikia." Nikiwa na miaka sita nilimwamini kabisa, nikawa namletea vijiti vya kuni kwa fahari ya mwenye nyumba. Mgeni angeshangaa. Mgiriama mwenzangu hashangai, kwa kuwa nilipewa jina la babu, mume wake hasa. Charo wa Karisa humzaa Karisa wa Charo, na huyo naye akizaa, Charo amerudi. Jina humruka baba likamwangukia mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, hutukanana na kucheka; wa kuogopwa ni baba. Kabla sijajua mimi ni nani, tayari nilikuwa na mtu wa kufanana naye, na nikilia ovyo kulikuwa na wa kuniambia kwamba mwenye jina hilo hakuwa mtu wa kulialia.

Nimefundisha saikolojia ya makuzi miaka mingi kabla ya kutambua kwamba somo langu la kwanza nililipata pale jikoni.

Kiswahili kina maneno mawili tunayoyachanganya siku hizi. Kizazi ni kamba inayoning'inia kutoka juu kwenda chini: hukufunga na waliokuzaa na utakaowazaa, ndiyo maana mwanamke asiyeshika mimba husemwa hana kizazi. Rika ni kamba iliyotandazwa, ya mliozaliwa pamoja, mkacheza pamoja, mkatiwa jandoni pamoja. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bungeni tarehe 25, nchi nzima ilijifunza kusema Jenzii (Gen Z), nasi tukatafsiri haraka kuwa ni kizazi. Sikio la nyumbani lingesema ni rika. Na hata hilo nina wasiwasi nalo. Kijana wa Nairobi mwenye intaneti usiku kucha, na kijana wa Bamba, kwetu Ganze, anayepeleka simu dukani ikachajiwe kwa pesa, wanaweza kuwa wamezaliwa siku moja. Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakuwafanyi watu kuwa kitu kimoja. Ni lazima wawe wamepitiwa na jambo moja wakiwa bado vijana. Mimi naongeza swali la kijijini kwetu: jambo hilo lilikukuta na miaka mingapi, na nani alikuwa ameketi kando yako?

Wazee wetu hawakuliacha rika lijiundie lenyewe. Ndani ya kaya, vijiji vyetu vya kale vya msituni, vijana waliingizwa rika kwa mila, wakapanda daraja pamoja, hadi wachache wakafika kambi, baraza la wazee. Rika lilikuwa na mlango, na ufunguo walikuwa nao wazee. Katika karne ya 19 watu walitoka kayani wakatawanyika kutafuta mashamba na malisho, wengine wakavuka mto Sabaki, na mila hiyo ikafifia. Mekatilili wa Menza, ambaye masimulizi humtaja kuwa mzaliwa wa Mutsara wa Tsatsu hapa Ganze, alilihisi pengo hilo. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya mahanga, yaani ya msiba, watu wakamfuata hadi Kaya Fungo wakala kiapo. Alikamatwa Oktoba mwaka huo, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, akatoroka, akarudi kwao. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Tunamkumbuka kama mpiganaji, na ni haki yake. Kwa jicho la kazi yangu namwona pia kama mama aliyekuwa akigombania nani atamlea kijana.

Sasa niwalete karibu kidogo. Kuna boma moja ninalolitembelea, na mmiliki wake ameniruhusu nilizungumzie bila majina. Mna vijana wawili, wana wa ndugu wawili, kila mmoja kifungua mimba wa baba yake, kwa hiyo wote wawili wameitwa jina la babu yao mmoja. Kuwatofautisha wanaitwa Mkubwa na Mdogo. Nyumba zao zinatazamana. Wanakula sima ya chungu kimoja.

Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Katika 2021 Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, Mdogo minne. Mkubwa alikabidhiwa punda wawili na madumu manane. Aliamka saa tisa usiku ili awahi bwawa kabla ng'ombe hawajalivuruga. Bwawa lilipobaki tope, alijifunza kuchimba shimo kando yake, akakaa akingoja maji yajikusanye, akiyateka kwa kikombe cha plastiki, kikombe baada ya kikombe, mpaka dumu likajaa. Madumu mawili aliyauza njiani. Aliporudi, mama yake alimkaribisha kama mtu mzima: alimpa kiti kwanza, ndipo akamuuliza habari za huko. Masomo yalipata hasara, sitaki kulificha hilo. Lakini leo yuko steji ya bodaboda, anaweka akiba, na ugomvi ukizuka pale steji yeye ndiye anayeitwa.

Mdogo hakuwa na la kufanya. Alikaa ndani akiwatazama watu wazima wakipunguza tonge na kunyamaza. Mvua ilirudi 2023, mahindi yakaota, mbuzi wakazaa. Bado kila jioni Mdogo hali sima yake ikaisha; hukata tonge moja akalitia mfukoni. Mama yake huligundua siku ya kufua, limekauka kama jiwe. Mwalimu mmoja aliwahi kumwita mwizi kwa sababu ya mazoea hayo ya kuficha chakula, cha wenzake kikiwamo.

Mwanasosholojia Mmarekani Glen Elder alikutana na vijana wa namna hii bila kufika Kilifi. Kitabu chake cha 1974 kinahusu watoto wa California waliokumbwa na Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza 1929. Kundi la Oakland lilizaliwa 1920 na 1921. Kundi la Berkeley, ambalo alilichambua baadaye, lilizaliwa 1928 na 1929. Wavulana wa Oakland walikuwa wameshakuwa barobaro baba zao walipofilisika. Walitafuta vibarua, wakawa na mchango nyumbani, na wengi walitoka humo na moyo wa kujitegemea. Wavulana wadogo wa Berkeley waliyaona mabaya yote wasiweze kusaidia lolote, na walipofika ujana wengi wao hawakujiamini. Janga lilikuwa moja. Miaka minane tu ndiyo iliyowatenga. Wengi wa hao wadogo walikuja kuinuka ukubwani, baadhi kupitia jeshi, jambo ambalo napenda kulitaja kila ninapokutana na mama yake Mdogo.

Na kazi yenyewe ina lake. Maji kwetu ni kazi ya kike. Punda ndiye aliyemsitiri Mkubwa asichekwe. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti kuhusu wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosa dada mkubwa nyumbani, walipewa kazi za wasichana. Walikuwa wapole kuliko wenzao, hata pale ambapo hawakuwa kazini. Wazazi mlioko hapa, ambao mwana wa kiume akishika ufagio mnamwambia aache, fikirini.

Ardhi nayo hufundisha. Sisi wa Ganze tunajua kwamba mtu wa upande wa Jaribuni, kwenye minazi, na mtu wa nyika ya Bamba, kwenye mifugo, hawagombani kwa namna moja. Zamani nililichukulia kuwa mzaha. Kisha nikasoma kazi ya Robert Edgerton ya 1971, iliyotokana na mradi wa Walter Goldschmidt kati ya Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei. Kila kabila walilitazama mara mbili, wakulima na wafugaji wake. Wafugaji walielekea kusema lililo moyoni na kulimaliza papo hapo. Wakulima walificha, wakakwepa, kinyongo kikahamia chini kwa chini. Sababu yake si fumbo. Ukikosana na jirani, mbuzi unaweza kuwahamisha, lakini mnazi utauhamishia wapi? Utaishi na jirani huyo na macho yake maisha yako yote, kwa hiyo unajifunza kutabasamu. Sisemi kila mtu wa Bamba ni mkweli na kila wa Jaribuni mnafiki. Nikisema hivyo sitapata wa kunipeleka nyumbani jioni.

Tukipuuza mazingira tunapima vibaya. Mwaka 1979 Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Wa Uingereza waliwashinda wenzao kwa kalamu na karatasi. Alipowapa waya watengeneze maumbo, wa Zambia wakashinda. Kwa udongo walikuwa sawa. Nani kati yetu hakutengeneza gari la waya, lenye usukani mrefu wa kijiti, akaliendesha hadi dukani? Ndiyo maana naheshimu kazi ya wataalamu wa hapa Kilifi, akiwemo Profesa Amina Abubakar, waliotayarisha kipimo cha maendeleo ya watoto wachanga hapa hapa, kwa watoto wa hapa, badala ya kuazima cha Ulaya na kuwaona wetu wajinga.

Na damu je? Ipo. Mwaka 2015 wanasayansi walikusanya tafiti 2,748 za mapacha, zenye jozi zaidi ya milioni 14, wakakuta kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na kurithi. Ila takriban mapacha wote hao ni wa nchi tajiri, na penye njaa hesabu hizo zinaweza kubadilika. Wanaopenda kusema mwana wa nyoka ni nyoka wasishike takwimu hiyo kwa furaha.

Linaloniumiza ni kamba ile ya kizazi. Zamani mahanga yaliwakusanya wote: wazee walicheza, vijana wakajifunza kwa kutazama, na kijana aliyefanya utovu alijulikana ni wa nani kabla ya jogoo kuwika. Siku hizi kuna disko matanga. Watu wale wale, msiba ule ule, usiku ule ule, lakini spika imewafukuza wazee wakalale. Wasichana wanapopata mimba tunalaumu muziki, serikali inapiga marufuku, na marufuku inapigwa tena mwaka unaofuata. Rika limebaki peke yake gizani, bila mtu wa kulifungulia wala kulifungia mlango.

Kuna na lingine zito zaidi. Kaunti hii imezoea habari za wazee kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na Ganze imo katika orodha hiyo. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, na nyuma ya panga kuna kijana wa ukoo. Kaya Godoma, hapa hapa Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia nyumba zao wenyewe. Wanayemkimbia mara nyingine ni mjukuu, yaani mtani wao, mwenye jina lao. Mvi, ambazo zilikuwa cheo, zimekuwa ushahidi wa mashtaka.

Nilikuwa kwenye boma lile Jumamosi iliyopita. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini, taulo shingoni. Mdogo alikuwa ametumwa dukani na amerudi na pakiti ya rangi nyeusi ya nywele. Aliikoroga kwenye kifuniko cha dumu kwa mswaki wa zamani. Mbele babu alijipaka mwenyewe kwa kioo cha pikipiki alichokiacha Mkubwa. Kisogoni hakufika. "Njoo unimalizie hapa, mwenzangu," akasema, na yule mtoto wa miaka minane akasimama nyuma yake, akapaka taratibu, akikwepa masikio, huku wakitukanana kwa Kigiriama na kucheka.