Barabara Moja, Watumiaji Wengi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Longonot



Kuna msemo unaosikika kila panapokuwa na matanga: ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofiwa. Lakini kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, inayopita hapa Longonot, hauelezi ukweli wote. Ajali nyingi za barabarani zina kinga, nayo iko mikononi mwa watu watatu: aliyeshika usukani, aliyepanda baiskeli au pikipiki, na anayetembea kwa miguu.

Ni barabara chache zenye watumiaji wa aina nyingi kama hii. Malori yanayobeba mizigo kwenda Nakuru, Eldoret na Uganda hupita hapa usiku na mchana. Matatu husimama kuchukua abiria. Wageni huja kupanda Mlima Longonot, na wengine hupita na baiskeli wakielekea Hell's Gate. Alfajiri, wafanyakazi wa mashamba ya maua huwa njiani kabla jua halijatoka. Wanafunzi huvuka asubuhi na jioni. Punda huvuta mikokoteni ya maji, ng'ombe huvushwa kwenda malishoni, na pundamilia na twiga huvuka bila kungoja ruhusa ya mtu. Wote hao wanagawana lami moja.

Mwaka wa 2024, zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani nchini Kenya. Kundi lililopoteza watu wengi zaidi lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Duniani kote hali hailingani sana na hiyo lakini haiko mbali: Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya watembeaji, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Maana yake ni kwamba mara nyingi anayekufa ni yule asiye na bati la kumkinga.

Hesabu ya mwendo

Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa husonga mita 22 kila sekunde. Dereva anapomwona mtoto akiingia barabarani, akili huchukua kama sekunde moja na nusu kabla ya mguu kukanyaga breki. Kwa muda huo gari limekwisha kusonga mita 33, na breki bado haijafanya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 50, gari hilo lingesonga mita 21 tu. Tena nguvu ya pigo haiongezeki kidogo kidogo kama mwendo. Gari la kilomita 80 humgonga mtu kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ile ya gari la kilomita 50. Ndiyo sababu sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa mjini na kwenye vituo vya biashara. Magari ya abiria na malori ya mizigo hayaruhusiwi kupita kilomita 80 hata barabara ikiwa nyeupe.

Dereva anayetoka Nairobi akiteremka ukingo wa Bonde la Ufa ana jambo jingine la kukumbuka. Akikanyaga breki mfululizo, hupata joto mpaka zikakosa nguvu, na hilo hutokea wakati anapozihitaji zaidi. Lori huteremka kwa gia ndogo, injini yenyewe ikilizuia. Anayefika Mai Mahiu akiwa na breki zinazonuka moto anafaa kusimama, azipoze na kuzikagua kabla ya kuendelea kuelekea Longonot.

Somo la Karai

Wakazi wengi hawajausahau usiku wa tarehe 10 Desemba 2016. Huko Karai, kwenye barabara hii hii, lori lililobeba kemikali inayowaka lilimshinda dereva penye tuta, likagonga magari mengine na moto ukalipuka. Watu wapatao 40 walikufa.

Tuta huwekwa kwa ajili ya anayevuka kwa miguu. Lakini tuta lisilo na rangi wala alama huweza kuwa mtego kwa mgeni anayepita usiku. Kwa hivyo wananchi wanapoomba tuta, waombe pia alama za kulitangaza mapema na rangi inayoonekana gizani. Kujijengea tuta la mawe na udongo usiku mmoja baada ya mtoto kugongwa ni jambo linaloeleweka kwa uchungu wake, lakini linaweza kuleta msiba wa pili.

Kila mmoja na wajibu wake

Dereva anapompita mwendesha baiskeli, amwachie nafasi ya mita moja na nusu. Upepo wa trela peke yake unatosha kumyumbisha. Kama gari jingine linakuja upande wa pili na nafasi haipo, dereva hupunguza mwendo na kungoja nyuma. Kungoja huko hakuzidi dakika moja. Usiku, taa kali hupunguzwa mbele ya anayekuja, hata akiwa ni mtu wa baiskeli.

Matatu hushusha abiria kituoni, nje ya lami. Abiria naye asivuke kwa kupitia mbele ya gari aliloshuka, kwa sababu dereva anayetoka nyuma hamwoni. Angoje gari liondoke, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo avuke.

Mwendesha baiskeli huenda upande wa kushoto, sawa na magari, mmoja nyuma ya mwingine. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na nguo inayong'aa si mapambo. Baiskeli isiyo na taa saa kumi na mbili na nusu jioni haionekani mpaka imekaribiwa mno.

Kwa wanabodaboda, kanuni za mwaka wa 2015 ziko wazi: abiria ni mmoja, kofia ya usalama ni mbili, na koti linaloakisi mwanga ni kwa anayeendesha na anayebebwa. Mzazi anayewapandisha watoto watatu kwenye pikipiki moja ili kuokoa nauli afikirie kwanza ni kipi anachokiweka hatarini.

Anayetembea kwa miguu mahali pasipo na njia yake hutembea upande wa kulia, akitazama magari yanayokuja. Anayetembea upande wa kushoto ameyapa magari mgongo. Mzazi mwenye mtoto humshika mkono na kumweka upande wa mbali na magari. Nguo nyeupe au kipande cha kitambaa kinachoakisi mwanga kwenye begi la shule kinaweza kumfanya dereva amwone mtoto mapema, alfajiri iliyojaa ukungu.

Mfugaji anayevusha mifugo huhitaji watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakiwa na kitambaa chekundu mchana na tochi ikianza kuingia giza. Huchagua mahali palipo wazi, mbali na kona. Dereva anayeona kundi hushusha mwendo na kuzima honi, kwani ng'ombe aliyeshtuka hukimbilia popote. Ni vivyo hivyo kwa pundamilia: akivuka mmoja, wengine wako nyuma yake.

Ajali ikitokea

Kazi ya kwanza ni kuzuia ajali ya pili. Washa taa za dharura, weka pembetatu za tahadhari mbali vya kutosha, kisha piga simu 999 au 112. Majeruhi asivutwe ovyo, isipokuwa kama kuna moto au hatari nyingine, kwa maana uti wa mgongo uliojeruhiwa huharibika zaidi kwa kubebwa vibaya.

Na tanki la mafuta likianguka, watu wakimbie mbali nalo. Kaunti hii ilifunzwa jambo hilo kwa gharama kubwa tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, Molo. Watu walikwenda na mitungi kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hakuna mtungi wa mafuta unaolingana na mtu mmoja wa nyumbani.

Nani huulizwa nini

Chini ya Katiba ya 2010, barabara kuu za kitaifa ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara za kaunti, taa za barabarani, na masuala ya msongamano na maegesho ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo ombi la kivuko au alama kwenye barabara kuu lielekezwe KeNHA, na ombi la taa au kukarabati njia inayoingia kijijini lipelekwe kwa afisa wa wadi au litolewe kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Ombi lenye uzito hutaja mahali hasa, saa za hatari na wanaovuka hapo. “Watoto wa shule huvuka hapa kila asubuhi” ni neno linaloweza kuandikwa na kufuatiliwa. “Barabara ni mbaya” husikika na kusahaulika.

Lakini alama, taa na vivuko havimshiki dereva mguu wala havimshiki mtoto mkono. Kazi hiyo inabaki kwa watu. Nyuma ya magari mengi ya hapa yameandikwa maneno mawili: Kawia Ufike. Walio ndani wayasome pia, na walio nje wapewe nafasi ya kufika.