Kifua Kikuu na Heshima ya Nyumba



Maradhi ya kifua kikuu humdhuru mtu kwa namna mbili. Kwanza huyala mapafu yake. Kisha humtenga na watu wake, kwani wengi huona aibu kuyataja, wakamficha mgonjwa chumba cha ndani hata yakawapata watoto wanaolala naye.

Zamani walisema wengi kuwa ni uchawi, au ni damu ya ukoo fulani. Katika mwaka 1882 tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, alibainisha kwamba asili yake ni vijidudu. Vijidudu hivyo hutoka kwa mgonjwa akohoapo, na mwingine akavivuta kwa pumzi. Basi hakuna ukoo wenye kulaumiwa.

Hata dawa zilipopatikana, streptomaisini katika mwaka 1943 na isoniazidi katika mwaka 1952, lilibaki swali zito: je, maskini atatibiwa wapi? Mji wa Madras katika Bara Hindi, ambao leo huitwa Chennai, ulikuwa na wagonjwa wengi na vitanda vichache. Mwaka 1956 ulianza huko uchunguzi mkubwa. Wagonjwa karibu 200, maskini wa nyumba zenye msongamano, walipimwa makohozi na kupigwa picha za kifua, kisha wakagawanywa kwa kura. Fungu moja lililazwa hospitali, likapata pumziko na chakula bora. Fungu la pili lilibaki nyumbani, penye chakula duni na pumziko haba. Wote walipewa dawa zilezile kwa mwaka mmoja.

Habari ilipotolewa mwaka 1959, watu walistaajabu: waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Wala jamaa walioishi nao hawakupatwa na maradhi kuliko jamaa za wale waliolazwa.

Sababu ilikuwa ni dawa, na kudumu katika kuinywa. Wauguzi waliwaendea wagonjwa nyumbani bila kutoa habari, wakapima mkojo wao, kwani mtu apatapo nafuu huisahau dawa. Vijidudu vilivyosalia hapo huinuka tena, na huenda dawa ile isiviweze.

Baadaye majaribio ya Afrika ya Mashariki, yaliyotangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba muda waweza kupunguzwa hata miezi sita. Leo hiyo ndiyo desturi kwa wagonjwa wengi.

Basi, ndugu Waislamu, mwenye kukohoa majuma mawili au zaidi na apeleke makohozi yake yakapimwe. Mke asimfichie mume, wala mzee asimzuie kijana. Dua na dawa hazigombani: aombaye shifaa kwa Mola yampasa pia kuifuata njia yake. Na jirani asimkimbie mgonjwa anywaye dawa. Bali amwulize kila siku kama amekwisha kuinywa, mpaka siku ya mwisho aliyopangiwa na tabibu.

Wabillahi taufiki.