Spiriti ya Kupikia: Kuni za Mtambo Zihesabiwe Kwanza



Lita moja ya petroli au ya mafuta ya taa inayouzwa mjini Mwanza imesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na kabla ya hapo imevuka bahari. Reli iliifikia Mwanza mwaka 1928, lakini haikuufuta umbali huo. Aidha, nchi haina kiwanda kinachosafisha mafuta ghafi tangu TIPER, iliyoanza kazi mwaka 1966, iache kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo bei inapopanda ng'ambo, kama ilivyotokea mwaka 1973, mwaka 1979, na tena mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, machungu humfikia mvuvi wa Ukerewe mwenye injini ya mtumbwi, na mama wa Igoma ambaye, mafuta ya taa yakimshinda, hurudi kwenye mkaa wa kopo.

Ndiyo maana kila bei inapopanda, wazo la kutengeneza spiriti hapa hapa kandokando ya Ziwa hufufuka. Si wazo la kuchekwa. Brazil ilianzisha mpango wake wa taifa wa spiriti ya miwa mwaka 1975, na hadi leo magari yake hutumia spiriti hiyo. Lakini kabla ya kuitazama Brazil, yafaa kuitazama Kenya, kwa kuwa jaribio lake lilifanyika katika bonde la Ziwa hili hili.

Mwaka 1977 ulianza mjini Kisumu ujenzi wa kiwanda kikubwa cha kugeuza molasi, yaani mabaki mazito ya sukari, kuwa spiriti na kemikali nyingine. Gharama zilipaa, madeni yakarundikana, na ujenzi ukasimama mapema katika miaka ya 1980 kabla kazi haijakamilika. Majengo yale yalikaa kimya takriban miaka 20 kabla ya kufufuliwa. Kiwanda cha Muhoroni, kilicho jirani na mashamba ya miwa, kilifanya vizuri zaidi: spiriti yake ilichanganywa na petroli na kuuzwa nchini Kenya kwa karibu muongo mmoja. Hata hivyo, mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchanganyiko huo ukatoweka vituoni. Wenye spiriti waliona faida kubwa zaidi katika kuiuza kwa matumizi mengine kuliko kuitia katika magari.

Upande wa Mwanza hakuna kiwanda cha sukari. Kilicho karibu ni cha Kagera, wilayani Missenyi, ng'ambo ya Ziwa. Tani moja ya molasi hutoa spiriti lita 250 hivi, lakini molasi ni nzito, na kuisafirisha kunahitaji mafuta yale yale yanayokimbiwa. Ndipo fikra za watu wengi zinapogeukia mtambo mdogo wa kijijini. Hapo wengi hutabasamu, kwa sababu mtambo huo unajulikana sana: pipa, bomba la shaba, maji ya kupozea mvuke, na chupa mwishoni. Gongo imepikwa vichakani kwa vizazi. Ufundi haukosekani; kinachokosekana ni hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Pombe iliyochachuka vizuri huwa na kilevi asilimia 8 hivi. Kupata lita moja ya spiriti, hapana budi kuchemsha lita 12 au zaidi za pombe hiyo, kisha kuuchemsha tena mvuke uliopozwa, maana mchemsho mmoja huacha maji mengi mno na spiriti haiwaki vizuri. Mafiga matatu hupeleka kwenye chungu sehemu ndogo tu ya joto la kuni, kama moja ya nane, linalobaki hupeperuka. Kwa jiko la namna hiyo, lita moja ya spiriti itateketeza si chini ya kilo 4 za kuni kavu. Kuni hizo hizo, zikiwekwa moja kwa moja chini ya sufuria ya ugali, zingeivisha chakula kinachokaribia kile kitakachoivishwa na lita ile. Mpishi ametaabika siku nzima, na mti umekatwa vile vile.

Kwa hiyo mtu anayesema spiriti ya kijijini inaokoa misitu aulizwe kwanza anachemshia nini.

Jibu lipo, nalo limelala mashambani. Mkulima wa pamba wa Magu, Misungwi au Kwimba hutakiwa kila msimu kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, ili funza wasipate mahali pa kujificha hadi msimu ujao. Moto mkubwa huwaka, na hakuna hata sufuria moja inayochemka juu yake. Mashine za kukoboa mpunga nazo huzungukwa na vilima vya pumba. Mabua na pumba hizo, katika jiko la matofali lililozibwa vizuri, zinaweza kuchemsha pipa bila mti kuguswa. Tena, mvuke ukipozwa kwa pombe baridi inayosubiri kuchemshwa badala ya maji matupu, pombe hiyo huingia pipani ikiwa tayari na vuguvugu, na kuni hupungua. Mafundi wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hawashindwi kuunda chombo cha namna hiyo.

Kuhusu kinachotiwa pipani, tahadhari inahitajika. Muhogo hutoa spiriti nyingi, lakini muhogo ni chakula, na umeshambuliwa na batobato na michirizi kahawia kiasi cha kuwatia watu njaa. Michembe nayo ni akiba ya kaya ya Msukuma kwa miezi ya kiangazi. Kinachostahili pipa ni kile kisicholiwa: maembe yanayooza chini ya miti msimu unapofurika, mananasi yaliyopondeka njiani, viazi vilivyoliwa na fukusi. Vitu hivyo havipatikani mwaka mzima, kwa hiyo hata mtambo hautafanya kazi mwaka mzima.

Kuna pia machicha. Kila lita ya spiriti huacha zaidi ya lita 10 za maji machafu, yenye moto na uchachu, yanayonyonya hewa ambayo samaki huihitaji. Yakimwagwa Mto Mirongo yataishia Ziwani, ambako gugumaji limekuwa likineemeka kwa uchafu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Yakipozwa na kuwekwa katika shimo la gesi ya samadi, hutoa gesi ya kusaidia kuchemsha pipa linalofuata.

Walimu wanahusika kwa karibu. Serikali ilizipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 muda hadi Januari 2024 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni vema isemwe wazi kwamba mtambo wa mapipa mawili hautapika makande ya wanafunzi 400. Kazi hiyo ni ya gesi. Unaweza kuwasha taa za spiriti za maabara, ambazo shule nyingi huzikosa, na majiko ya nyumba chache za walimu. Injini za mitumbwi ziachwe kwa sasa: spiriti yenye maji huziharibu.

Imebaki sheria. Tangu sheria ya moshi ya mwaka 1966, mwalimu atakayewasha mtambo bila leseni, hata kwa nia ya kuchemsha uji wa watoto, ni mpika gongo kama wapika gongo wengine. Hofu ya sheria ina msingi: mwezi Mei 2014 nchini Kenya zaidi ya watu 80 walikufa kwa kunywa kileo kilichochanganywa na methanoli. Kwa sababu hiyo spiriti ya jikoni itiwe rangi na dawa chungu isiyo sumu pale pale inapotoka bombani, si baadaye dukani, na kamwe isitiwe methanoli. Ombi la leseni lingefaa liambatane na hesabu ya kinachochomwa chini ya pipa. Kwimba na Magu, penye mabua ya pamba, hesabu hiyo yaweza kukubali. Ukerewe, ambako watu wamebanana na kuni zenyewe ni adimu, bado haikubali.