Mipaka Imehama, Daftari Limebaki



Mwezi Oktoba 2015, katika machimbo ya dhahabu ya Nyangalata wilayani Kahama, udongo uliporomoka na kuwafukia wachimbaji wadogo sita. Siku zikapita, matumaini yakakatika, na jamaa zao wakawahesabu miongoni mwa wafu. Siku ya 41 watano kati yao wakatolewa wakiwa hai, wamekonda mno, wakisimulia jinsi walivyoishi gizani kwa kula mizizi, vyura na wadudu. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na haikosi kustaajabisha hata leo. Lakini lipo swali moja ambalo halikuulizwa sana: lau watu wale wangalikufa kweli, ni nani angaliandika vifo vyao, na katika daftari lipi?

Mchimbaji mdogo wa Kahama au Geita mara nyingi si mwenyeji wa mahali anapochimba. Hufuata rashi. Leo yuko hapa, mwezi ujao yuko kwingine. Ametoka Kwimba, Nzega, Kasulu au Sengerema. Kwenye duara hujulikana kwa jina la utani alilopewa na wenzake, na mwenyekiti wa kitongoji huenda hajapata hata kumwona. Akifariki, wenzake huchanga, huzungumza na mwenye duara, kisha huusafirisha mwili kwa jamaa zake au humzika papo hapo. Mazishi hukamilika kwa heshima zote za kibinadamu. Linalobaki bila kukamilika ni usajili. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo asili yake ni ya mwaka 1920, inataka kifo kiandikishwe katika siku 30, na kizazi katika siku 90. Katika kambi ya wachimbaji siku hizo 30 hupita bila mtu kujua kwamba zilikuwapo.

Athari yake haionekani mwaka ule. Huonekana baada ya miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, wakati mtoto aliyeachwa akiwa darasa la kwanza amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na anaomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo humtaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Na kwa kuwa anajieleza kuwa ni yatima, humtaka pia cheti cha kifo cha mzazi wake. Kijana anajua kwamba baba yake amekufa. Mama anajua. Kijiji kizima kilikesha matangani. Lakini mbele ya Bodi baba huyo hajafa, kwa sababu hakuna karatasi inayosema amekufa, na mtoto wake anapangwa pamoja na wale wenye wazazi wawili.

Yafaa jambo hili lilinganishwe na lingine la huko huko. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa mjini Geita soko la dhahabu, ili mchimbaji mdogo auze mali yake karibu, palipo na mizani na palipo na Serikali. Dhahabu inayouzwa hapo hupimwa, hutozwa mrabaha, na huandikwa. Hilo ni jema, nalo linaonyesha kwamba mahali daftari linaposogezwa karibu na watu, watu huandikwa humo. Hapana sababu gramu moja ya dhahabu iwe na kumbukumbu ilhali aliyeitoa ardhini hana.

Aghalabu safari ya kutafuta cheti huanza kwa kugonga mlango usio wake. Mji wa wilaya una ofisi kubwa mbili, na mwananchi huziita zote kwa jina moja la "Serikalini". Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji ni ya Halmashauri: huko ndiko kwenye shule za msingi, zahanati, leseni za biashara, ushuru na mambo ya ardhi. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ni ya Serikali Kuu, na humo ndimo alimo Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye Msajili wa Vizazi na Vifo. Mama aliyeondoka Nyarugusu alfajiri, akasimama kwa Mkurugenzi hadi saa nane, huelekezwa aende kule kwa Mkuu wa Wilaya; na kule hukuta karani anafunga mafaili. Hakuna aliyemnyima haki yake. Kilichokosekana ni ubao mmoja wenye maneno machache pale mlangoni, na gharama yake haizidi nauli aliyotumia mama huyo siku moja.

Baada ya mlango kupatikana, huja suala la wilaya, na hapa hata watumishi wenyewe hubabaika. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi Machi 2012, ilipofanywa makao ya mkoa mpya, ikaunganishwa na Chato iliyotoka Kagera na Bukombe iliyotoka Shinyanga. Wakati huo huo Nyang'hwale ikamegwa kutoka Geita, na Mbogwe kutoka Bukombe. Shinyanga nayo ikapoteza Bariadi, Maswa na Meatu, zilizoingia Mkoa wa Simiyu. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kwanza. Bukombe yenyewe ilikuwa sehemu ya Kahama hadi katikati ya miaka ya 1990. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi miaka ya 2000. Na wakati wa ukoloni Kahama ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora.

Basi mtu aliyezaliwa Ushirombo mwaka 1982 na kuandikishwa wakati ule, hakuandikwa Bukombe wala Geita. Aliandikwa Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Kijana wa Masumbwe aliyezaliwa mwaka 2003 atafutwe katika daftari la Bukombe, ingawa leo kwao ni Mbogwe. Aliyezaliwa Chato mwaka 1990 ni wa Biharamulo. Mkoa hauna uzito mkubwa katika shughuli hii. Lenye uzito ni jina la wilaya kama lilivyokuwa siku ya kizazi au kifo. Mtumishi anayelijua hilo humwokolea mwananchi safari tatu. Asiyelijua hutafuta katika daftari la wilaya ya leo, asione kitu, kisha akatoa jibu la hatari kuliko yote katika ofisi za umma, kwamba "jina lako halimo".

Na ikiwa kweli halimo? Bado njia ipo. Mtu mzima asiyeandikishwa anaweza kuomba usajili uliochelewa kwa kuleta vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na kadhalika. Katika vijiji vingi vya Usukuma kadi ya kliniki imekwisha kuliwa na mchwa au imeungua pamoja na nyumba, na kielelezo kinachobaki ni cha shule. Hapa ndipo mwalimu, bila kuteuliwa na mtu yeyote, anapokuwa msajili. Lile daftari la uandikishaji alilolijaza Januari moja, mvua ikinyesha na wazazi wamejaa mlangoni, huja kuwa ndilo shahidi pekee wa tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Ni vema basi kusema wazi jinsi daftari hilo linavyojazwa. Mzazi asiyekumbuka tarehe huulizwa mwaka, na mwalimu humpatia mtoto tarehe mosi ya mwezi wowote. Jina la Kisukuma huandikwa jinsi mwalimu mgeni alivyolisikia. Hata jina la Nyang'hwale lenyewe huonekana katika maandishi kwa tahajia zaidi ya moja, sembuse jina la mtoto. Tena iko ile desturi ya mwanafunzi kurudia darasa kwa kutumia jina la mwenzake aliyeacha shule. Wakati ule ilionekana ni msaada. Matokeo yake ni mtu mwenye majina mawili: moja la cheti cha mtihani, jingine la nyumbani, na anayehukumiwa kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye.

Kuna dalili njema. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umekwisha kufika Shinyanga na Geita. Chini ya mpango huo mtoto husajiliwa katika ofisi ya kata au katika kituo cha tiba, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mzazi hahitaji tena kufunga safari ya mjini. Lakini mpango huo ni wa watoto wadogo. Kaka zao walio sekondari hawamo, na baba zao waliofia duarani hawamo pia.

Kumbukumbu za mali zina hadithi yake. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikapelekwa katika ofisi za Serikali Kuu mikoani na wilayani. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, nazo zikaanza upya mwaka 1984. Mwenye kutafuta muhtasari wa kikao cha miaka ile asishangae akielekezwa masjala ya mkoa badala ya halmashauri. Kwa mambo ya leo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kuwa na masjala yake ya ardhi na kutoa hati miliki ya kimila. Katika ukanda wa dhahabu hilo si jambo dogo. Mgodi unapohitaji eneo, mthamini huuliza nani ni wa shamba lipi, na asiye na maandishi hutegemea huruma ya majirani.

Hali kadhalika, halmashauri hupokea kutoka migodini ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Mwanakijiji anayo haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji chake katika mkutano mkuu, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Na akitaka habari za halmashauri kwa maandishi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi imjibu katika muda usiozidi siku 30. Barua yake haina haja ya kuwa na Kiswahili cha wakili. Inatosha itaje jambo analolitaka na mwaka wake, na mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala.

Ndugu walimu, majina ya kidato cha sita yanaweza kulinganishwa na vyeti vya kuzaliwa wakiwa bado kidato cha tano, wakati kosa la herufi moja bado linarekebishika kabla ya muda wa kuomba mikopo kufika. Na mtendaji wa kijiji anayeandika kibali cha mazishi anaweza kumwambia mjane, pale pale makaburini kabla watu hawajatawanyika, kwamba siku 30 zimekwisha anza kuhesabiwa, na kwamba ofisi anayopaswa kwenda ni ya Katibu Tawala.